Je, Wajua? Mke Aliyemfuata Mume Jakarta

Ukizikusanya filamu za zamani za Indonesia zinazohusu mtu wa kijijini aliyepotelea mjini, jambo moja linajitokeza haraka. Anayepotea, mara nyingi, ni mwanamke, na mara nyingi hakwenda mjini kufuata starehe. Alimfuata mume, au alitumwa na mume, au mume alikwisha kumwacha kabla hajafunga virago. Mwisho wa filamu lawama zinamwangukia yeye. Haya ni machache kuhusu filamu hizo na watu waliozitengeneza.

Je, wajua kwamba kisa cha namna hii kilijaza watu sinema hata kabla filamu za huko hazijaanza kusema? Mwaka 1929 kampuni ya Tan's Film ya Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, ilitoa filamu isiyo na sauti iliyoitwa Njai Dasima, mwongozaji akiwa Lie Tek Swie. Dasima ni binti wa kijiji cha Kuripan anayeishi na Mwingereza tajiri, Edward Williams, bila ndoa. Wamezaa mtoto wa kike, Nancy. Ana vito, ana watumishi, hana shida. Kisha anatokea Samiun, mwanamume wa mtaani aliyekwisha oa, anamwambia kwamba kuishi hivyo na mtu asiye wa dini yake ni dhambi, na kwamba yeye atamuoa kihalali. Dasima anamwacha Mwingereza na mtoto, anakwenda kuwa mke wa pili, na muda si mrefu mali yake yote imeliwa. Anapodai haki yake anauawa na muuaji wa kukodiwa, maiti inatupwa mtoni.

Filamu ilitia fora hata ikafuatiwa na sehemu ya pili, kisha ya tatu ambamo Nancy anarudi kulipiza kisasi cha mama yake. Mwaka 1932 kampuni hiyohiyo ilikirudia kisa hicho kikiwa na sauti. Lakini angalia jinsi kilivyopangwa. Hapa jumba la mzungu ndilo salama, na mtaa wa watu wake mwenyewe ndio mtego. Mwandishi wa kitabu cha awali, kilichochapishwa mwaka 1896, alikuwa G. Francis, na msomaji yeyote wa leo ataona upesi hadithi inamsafishia nani jina. Katika miaka ya 1960 mwandishi S.M. Ardan aliisimulia upya kwa upande wa pili, Mwingereza akabebeshwa mzigo wake.

Je, wajua kwamba filamu iliyofungua tena utengenezaji wa filamu za hadithi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilimhusu mke aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani? Inaitwa Djaoeh Dimata, "mbali na macho", na ilipigwa mwaka 1948, Wadachi wakiwa bado waking'ang'ania koloni lao. Asrad amepofuka, hawezi kazi tena. Mkewe, Soelastri, anakwenda Jakarta kutafuta riziki na anaajiriwa nyumbani kwa mtu ambaye zamani aliwahi kumtaka. Mume, huko kijijini gizani, anaingiwa na wivu na kumwambia asirudi. Soelastri anaishia kuwa mwimbaji maarufu wa redioni, na sauti yake inamfikia yule yule aliyemfukuza.

Ni kisa kilichosukwa vizuri kuliko vingi vilivyokifuata. Kipofu hawezi kumwona mkewe lakini anaweza kumsikia, na redio ndiyo chombo pekee cha mjini kinachofika kijijini bila nauli. Mwongozaji, Andjar Asmara, alitoka kwenye maigizo ya jukwaani, na kampuni ilikuwa ya Wadachi. Inasimuliwa kwamba sauti ya mwisho pale kazini ilikuwa ya mpigapicha Mdachi, Andjar akibaki kuwafundisha waigizaji namna ya kusema maneno yao. Aliyeigiza Soelastri alikuwa mkewe, Ratna Asmara.

Ratna huyo hakuishia mbele ya kamera. Mara tu baada ya uhuru akawa mwanamke wa kwanza Indonesia kuongoza filamu, na ya kwanza aliyoiongoza, Sedap Malam, inamhusu mwanamke anayeingia ukahaba baada ya mumewe kuoa mwingine. Ningelipa fedha nzuri kuona mwanamke alikitazama vipi kisa ambacho wanaume walikuja kukitengeneza tena na tena kwa miaka 40 iliyofuata.

Je, wajua kwamba tuzo kubwa ya sinema ya Indonesia, Citra, ina uhusiano na kisa cha kijana anayemharibia msichana maisha na kutorokea mjini? Usmar Ismail, anayehesabiwa kuwa baba wa sinema ya nchi hiyo, aliandika mchezo wa kuigiza wenye jina hilo wakati wa utawala wa Wajapani, kisha akaugeuza kuwa filamu, Tjitra, mwaka 1949. Harsono anampa mimba Suryani, yatima aliyelelewa nyumbani kwao, halafu anakimbilia mjini na mjane tajiri. Huko mambo yanamwendea mrama, anashukiwa mauaji, na hatimaye anarudi. Anasamehewa. Ukishaona filamu za miaka ya 1970 utatambua kwamba msamaha wa aina hiyo ni wa wanaume tu.

Siku ya taifa ya filamu huko ni tarehe 30 Machi, kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1950, Usmar alianza kupiga Darah dan Doa, filamu ya kwanza ya kampuni yake mwenyewe, Perfini.

Je, wajua kwamba wengi wa waliotunga visa hivi walitoka kwenye jamii ambayo kumwona kijana wa kiume akiondoka kijijini ni jambo la fahari? Andjar Asmara, Usmar Ismail, mwandishi Asrul Sani na mtayarishaji Djamaluddin Malik wote ni Waminangkabau wa Sumatra Magharibi. Kwao ukoo unahesabiwa upande wa mama, nyumba na mashamba ya ukoo ni ya wanawake, na kijana wa kiume hutarajiwa kwenda ugenini kutafuta elimu, mali na akili. Desturi hiyo inaitwa merantau. Ndiyo iliyoijaza Indonesia migahawa ya vyakula vya Padang, na kwa kiasi kikubwa ndiyo iliyoijaza Jakarta waandishi.

Hekaya mashuhuri zaidi ya pwani yao, Malin Kundang, inalionyesha jambo hili waziwazi. Malin anasafiri baharini, anatajirika, anarudi na meli na mke mzuri, na mama yake mzee akimkimbilia bandarini anamkana mbele ya watu. Mama anaapiza, mwana anageuka jiwe. Hadi leo watu wanaonyeshwa mwamba wenyewe katika ufuo wa Air Manis, Padang. Kuondoka hakukuwa kosa, kutajirika hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa ule muda mfupi bandarini. D. Djajakusuma aliifanya filamu mwaka 1971, na Malin wa utotoni aliigizwa na mvulana aitwaye Rano Karno, ambaye tutakutana naye tena.

Basi mtu aliyelelewa na hekaya hiyo hawezi kuuogopa mji kama mji. Kwa mwanamume ugenini ni shule. Mwanamke ndiye asiyetayarishiwa hadithi ya kuondoka, na ndiyo maana, nadhani, waandishi wengi walipomtoa kijijini walijikuta hawana pa kumpeleka isipokuwa danguroni.

Je, wajua kwamba Suzzanna, malkia wa filamu za kutisha za Indonesia, alipata umaarufu wake mkubwa kwanza akiwa mke wa kijijini? Mwaka 1970, Turino Djunaidy, Mwaceh mwenye kampuni ya Sarinande Films, alitoa Bernafas dalam Lumpur, yaani kupumua ndani ya matope. Supinah yuko kijijini, mume alikwenda Jakarta na hana habari zake. Anamfuata. Anamkuta ameshaoa mwingine. Hana nauli ya kurudi wala uso wa kurudi nao, anaangukia mikononi mwa watu wabaya, na kabla filamu haijafika katikati ameshakuwa kahaba mwenye jina jipya, Yanti. Farouk Afero aliigiza kuwadi aitwaye Rais, na Rachmat Kartolo aliigiza Budiman, kijana wa kitajiri anayempenda Yanti kwelikweli.

Filamu hiyo hukumbukwa kuwa ya kwanza huko kuweka hadharani ngono, ubakaji na matusi ya mtaani, na ilivunja rekodi za mapato. Mabango yalimuuza Suzzanna aliyelegea kitandani, wala si Supinah aliyesimama njia panda na bahasha yenye anwani ya mumewe. Watengenezaji wengine waliona mlango umefunguka, na katika miaka michache iliyofuata wanawake wa mjini wenye historia ya kijijini wakajaa kwenye kumbi. Mwaka 1991 kisa kikatengenezwa upya.

Mimi naiona filamu hii kuwa na ujanja wa ajabu, na siyo wa kuusifu sana. Inamlilia Supinah na papo hapo inamvua nguo. Lakini Suzzanna ana macho yanayokataa kuonewa huruma, na hapo filamu inamponyoka mwongozaji. Miaka kumi baadaye macho hayohayo yalimfaa sana katika Sundel Bolong ya mwaka 1981, pale alipokuwa mzuka wa mwanamke aliyebakwa anayerudi kuwaandama waliomtendea. Ukizitazama mbili hizi kwa kufuatana, utaona kama vile Supinah amepata nafasi ya kujibu. Suzzanna alifariki dunia Magelang mwaka 2008.

Je, wajua kwamba mwaka uleule wa 1970 serikali ya Jakarta ilijaribu kuufunga mji? Gavana Ali Sadikin, mwanajeshi wa wanamaji aliyeongoza mji kuanzia 1966 hadi 1977, alitangaza Jakarta kuwa mji uliofungwa kwa wageni wasio na kazi. Mgeni alitakiwa kuweka dhamana ya fedha na kuonyesha ana kazi na pa kulala ndipo apewe kitambulisho cha mkazi. Watu walikuwa karibu milioni 2.9 mwaka 1961, na mwaka 1971 walifika milioni 4.5 hivi. Amri haikuwazuia. Gavana huyohuyo aliruhusu kamari ili apate fedha za barabara na shule, na ndiye aliyewakusanya makahaba katika eneo moja, Kramat Tunggak, kaskazini mwa mji. Eneo hilo lilifungwa mwaka 1999, na mahali pake pamejengwa kituo cha Kiislamu.

Watu wa mjini nao walikuwa na msemo wao: ukatili wa mama wa kambo si kitu mbele ya ukatili wa mji mkuu. Ukaja kuwa hata jina la filamu.

Je, wajua kwamba wanaume wawili mashuhuri waliopotea mjini Bandung katika hadithi za Indonesia wote waliuawa usiku, wakiwa nje wakati watu wameamriwa wawe ndani?

Wa kwanza ni Hasan wa riwaya ya Atheis, iliyoandikwa na Achdiat K. Mihardja na kuchapishwa mwaka 1949. Ni kijana mcha Mungu kutoka kijiji kilicho upande wa Garut, anafanya kazi Bandung, na anakutana na rafiki wa zamani anayemwingiza kwenye kundi la watu wanaosoma Marx na kubishana hadi usiku. Hapana pombe ya kumlevya wala malaya wa kumnasa. Kinachomteka ni mazungumzo mezani, na mwanamke aitwaye Kartini. Imani inalegea, baba anavunjika moyo, ndoa inavunjika. Katika siku za Wajapani anatoka usiku king'ora kikiwa kimelia, doria inampiga risasi, na anakufa akilitaja jina la Mungu. Sjumandjaja aliifanya filamu mwaka 1974. Kati ya vishawishi vyote vya mjini nilivyoviona katika sinema ya Indonesia, mabishano ya Hasan ndiyo pekee ninayoyaamini kabisa. Kijana mwenye akili haharibiwi na taa za barabarani, anaharibiwa na mtu anayemuuliza swali asiloweza kulijibu.

Wa pili ni Iskandar wa Lewat Djam Malam ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Usmar Ismail kwa mswada wa Asrul Sani. Jina lina maana ya "baada ya saa ya kutotoka nje". Iskandar amerudi kutoka vitani, vita vya kuwaondoa Wadachi, na Bandung aliyoipigania haijui imfanyie nini. Anatafutiwa kazi ofisini, haelewani na wenzake. Anakwenda kwa kamanda wake wa zamani, Gunawan, na kumkuta amekuwa mfanyabiashara tajiri ambaye mtaji wake una damu ndani yake. Nyumbani kwa mchumba kuna karamu, wageni wanacheza dansi na kuchekeana. Yeye anatoka, anaingia mitaani.

Humo ndimo anamkuta Laila, aliyeigizwa na Dhalia. Laila ni kahaba anayeishi chini ya mkono wa Puja, na kazi yake kubwa, tukiacha hiyo ya usiku, ni kukata picha. Anakalia magazeti ya Kimarekani na mkasi, anakata nyumba, nguo, vyombo vya jikoni, anavipanga na kuvitazama kama mtu anayehesabu vitu vyake. Anamwonyesha Iskandar atakavyonunua. Hakuna hotuba inayoeleza jambo hilo na wala haihitajiki. Katika filamu zote za kundi hili, mkasi wa Laila ndio ulionikaa kichwani, kwa sababu unaonyesha mji unavyoshawishi hasa: kidogokidogo, kwa karatasi, mtu akiwa amekaa peke yake.

Mwaka 1955, tamasha la kwanza la filamu la Indonesia lilipofanyika, Lewat Djam Malam iligawana tuzo ya filamu bora na Tarmina ya Lilik Sudjio. Watu wengi wa sinema walinung'unika kwamba kugawana huko hakukuwa haki, na miaka imewaunga mkono. Nani leo anaizungumzia Tarmina?

Je, wajua kwamba si kila aliyeharibiwa na mji alitoka shambani? Katika Apa Jang Kau Tjari, Palupi? ya Asrul Sani, mwaka 1969, Palupi ni mke wa mwandishi mwenye msimamo na mfuko mtupu. Anamwacha kwa ajili ya filamu, umaarufu na wanaume wenye uwezo, na swali la kwenye jina, "unatafuta nini, Palupi?", halipati jibu. Ilishinda tuzo ya filamu bora katika tamasha la filamu la Asia mwaka 1970. Naye Sjumandjaja, aliyesomea filamu Moscow, alirudi na Chekhov begani: Si Mamad ya mwaka 1973 imetokana na hadithi fupi ya Mrusi huyo, na shujaa wake ni karani mwaminifu mwenye watoto wengi ambaye maji yamezidi unga, anaanza kuiba vitu vidogovidogo vya ofisini, na dhamiri inamla hadi anaumwa. Kwa Indonesia ya miaka ile, iliyojaa wakubwa walioiba vitu vikubwa bila kuumwa hata kichwa, kichekesho hicho kilikuwa na makali.

Je, wajua kwamba filamu iliyotwaa Citra ya filamu bora mwaka 1980 ilitokana na kesi ya kweli? Inaitwa Perawan Desa, "mwanamwali wa kijijini", ya Frank Rorimpandey. Mwaka 1970 msichana muuza mayai alitekwa na kubakwa na kundi la vijana Yogyakarta. Polisi hawakumwamini, wakamfungulia yeye mashtaka ya kutoa taarifa ya uongo. Mtaani ilivuma kwamba vijana wale walikuwa wana wa wakubwa. Mahakama ilimwachia huru. Mkuu wa polisi wa nchi, Hoegeng, aliyejulikana kwa kutohongeka, aliifuatilia kesi hiyo, na mwaka 1971 akaondolewa kazini kabla ya wakati.

Huyu hakuhamia mjini. Alikwenda kuuza mayai arudi nyumbani jioni. Ndiyo maana naiweka filamu hii mbali na zile za Yanti na wenzake: hapa hakuna kishawishi chochote, na hakuna mhubiri anayeweza kusema angebaki kwao.

Je, wajua kwamba wanakijiji wengi waliziona filamu za hatari za mjini wakiwa wamekaa chini, uwanjani, kijijini kwao? Wachuuzi wa sinema walizunguka na projekta, jenereta na turubai jeupe, wakisimamisha nguzo mbili kwenye uwanja. Arusi ya mtu mwenye uwezo ilikuwa na filamu hadi alfajiri, na wauza dawa za mitishamba walionyesha filamu bure ili wauze chupa zao katikati ya mikanda. Onyesho hilo linaitwa layar tancap. Wa upande wa nyuma ya turubai waliona picha hiyohiyo, maandishi yakiwa kinyume. Mvua ikinyesha, kila mtu nyumbani kwake.

Sasa fanya hesabu ndogo. Filamu ina dakika 100. Dakika 90 zinaonyesha magari, ngazi za marumaru, gauni zinazong'aa na bendi ikipiga. Dakika 10 za mwisho mtu anaugua, analia, anatubu. Wakaguzi wa filamu wa serikali ya Rais Suharto waliridhika na zile 10. Sidhani kama kijana aliyekaa kwenye nyasi alizihesabu kwa namna hiyohiyo.

Je, wajua kwamba profesa wa kuvu anayeonekana Jakarta mwanzoni mwa sehemu ya pili ya The Last of Us, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya mwaka 2023, ndiye aliyekuwa binti wa kijijini wa sinema ya Indonesia kwa miongo kadhaa? Christine Hakim alianza na Cinta Pertama ya Teguh Karya mwaka 1973, akashinda Citra, na akaendelea kuishinda hadi mara sita kama mwigizaji bora wa kike. Moja ilitokana na Pengemis dan Tukang Becak, ambayo jina lake ni "ombaomba na mwendesha becak", ile baiskeli ya miguu mitatu ya kubeba abiria. Nyingine ni ya Kerikil-Kerikil Tajam ya Sjumandjaja, kuhusu wasichana wawili wanaotoka kijijini kwenda kutafuta maisha Jakarta. Ilitoka mwaka 1984, na mwaka uliofuata Sjumandjaja akafariki dunia. Becak nazo zilikuwa zinakaribia mwisho wao: serikali ya mji ilizikamata kwa maelfu na kwenda kuzitupa baharini, katika ghuba ya Jakarta.

Je, wajua kwamba mtu aliyeziokoa nyingi za filamu hizi aliacha kuongoza kwa sababu ya filamu kama Bernafas dalam Lumpur? Misbach Yusa Biran, aliyewahi kuandika visa vya kuchekesha kuhusu vijana waliojazana soko la Senen wakiota kuwa wasanii, aliona mkondo wa ngono unaifunika kazi yake na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaiweka kamera chini. Mwaka 1975 yeye na Asrul Sani walianzisha Sinematek Indonesia, hifadhi ya filamu. Humo aliziweka pia zile alizozichukia, na hilo ni la kumsifu.

Filamu za kizamani zina ugonjwa wao. Katika joto na unyevu plastiki yake inaoza na kutoa asidi, na ukifungua kopo harufu ya siki inakupiga puani kabla hujaona kitu. Ukanda unajikunja, rangi ya picha inatoka, ukungu unaota juu ya nyuso. Lewat Djam Malam ilikuwa na sehemu ya madhara hayo ilipopelekwa Bologna, Italia, ikasafishwa picha moja moja kwa fedha za Makumbusho ya Taifa ya Singapore na shirika la mwongozaji Martin Scorsese. Mei 2012 ilionyeshwa Cannes. Misbach alikuwa amefariki dunia mwezi mmoja kabla.

Je, wajua, na hapa tunarudi kwa mvulana wa Malin Kundang, kwamba "mtoto wa Jakarta" maarufu kuliko wote amebuniwa na watu wa Sumatra? Riwaya ya Si Doel Anak Betawi ya mwaka 1932, kuhusu mtoto wa Kibetawi, yaani wa kabila la wenyeji wa Jakarta, iliandikwa na Aman Datuk Madjoindo, Mminangkabau. Sjumandjaja alipoifanya filamu mwaka 1973 alimpa Rano Karno nafasi ya Doel. Baba yake Rano, mwigizaji Soekarno M. Noor, ni wa asili hiyohiyo ya Minangkabau. Benyamin Sueb, Mbetawi na mchekeshaji asiye na mfano, aliigiza baba yake Doel. Katika Si Doel Anak Modern ya mwaka 1976 Benyamin akawa Doel mwenyewe, kijana wa kando ya mji anayevaa vituko ili ampendeze mchumba wa utotoni aliyekuwa mwanamitindo. Mwaka 1994, tamthilia ya televisheni ilipoanza, Rano alirudi kuwa Doel na Benyamin akarudi kuwa baba.

Katika tamthilia hiyo hakuna anayekwenda mjini. Mji ndio unaowafuata. Ardhi ya ukoo imeuzwa kipande kwa kipande, familia imesogezwa pembeni, na Doel anasomea uhandisi huku akiendesha gari chakavu la abiria la baba yake. Nchi nzima ilikuwa ikitulia kuitazama. Benyamin alifariki dunia Septemba 1995, katikati ya umaarufu wake.

Rano Karno aliingia siasa, akawa gavana wa Banten mwaka 2015, na tangu Februari 2025 ni naibu gavana wa Jakarta. Ofisi aliyoikuta inapungukiwa hadhi kwa sheria: mwaka 2022 bunge la Indonesia lilipitisha kwamba mji mkuu uhamie Nusantara, mji mpya unaojengwa msituni Kalimantan Mashariki, na wajenzi wake wengi ni vijana waliotoka vijijini Java.